Kioo Mbele ya Kioo

Katika mtoto wa meza yangu, hapa Unguja, kimo kikoba cheusi cha ngozi kisichozidi kiganja cha mkono. Ndani yake kuna kioo cha duara chenye kipenyo cha milimita 67, kilichozungushiwa pete nyembamba ya chuma. Nilikinunua Dar es Salaam mwezi wa Juni mwaka 2013 kwa shilingi 240,000, na kila nivutapo mtoto wa meza kutafuta kalamu huonana nacho. Kwa mwalimu wa skuli hiyo haikuwa fedha ya kuchezea. Kisa cha kioo hicho nimekificha muda mrefu kwa haya. Leo nakitoa, kwa kuwa ndani yake limo shairi, na mashairi ndiyo yanayotukutanisha katika kurasa hizi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, aliolewa Mrima mwaka 1951. Mumewe alikuwa na nyumba Kariakoo: si Kariakoo yetu ya Unguja, ya pembea na watoto wa sikukuu, bali ile ya Dar es Salaam, iliyopata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi pale zama za Vita Kuu ya Kwanza. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili khasa: vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma. Nilizowea kumtania shangazi kwamba alivuka bahari kuvikimbia visiwa, akaishia palepale penye mitaa iitwayo Pemba na Mafia. Naye hujibu: "Visiwa ndivyo vilivyonifuata, baba."

Siku aliposafiri, babu alimtungia shairi la beti kumi na nne, akaliandika kwa mkono wake kwa herufi za Kiarabu juu ya karatasi moja ndefu, akamkabidhi bandarini. Mumewe alilitia katika fremu ya mti yenye kioo, likatundikwa ukumbini, likielekea mlango wa mbele. Nakala nyingine haikuwako. Babu hakuwa mshairi wa kutajika. Alikuwa mtu wa kawaida aliyejua mizani na vina, kama walivyokuwa wengi wa zama zake. Ubeti wa kwanza niliujua tangu utotoni, kwa kuwa baba alikuwa akiusoma akinyoa ndevu:

Nenda mwanangu salama, bahari ikutulie,
Uendako kuna wema, na wabaya usilie,
Ukikumbuka ya nyuma, ndani yako yasalie,
Mlango tumeuwacha, wazi uje uingie.

Kituo hicho cha mlango kilirejea katika kila ubeti. Zilizobaki, beti kumi na tatu, zilikuwa mahali pawili tu duniani: katika karatasi ile, na katika kichwa cha shangazi.

Wasomaji wanaojua maandishi ya wazee wetu watanielewa nikisema kwamba karatasi bila ya kichwa ilikuwa nusu ya shairi. Herufi za Kiarabu hazikuumbwa kwa ajili ya sauti zetu zote. Mwandishi wa zamani aghalabu aliandika herufi moja akimwachia msomaji aamue kama ni "b", "p" au "mb". Na pasipokuwa na irabu neno moja huweza kusomwa kwa njia tatu. Ndiyo maana mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, yasingetufikia kama yalivyo lau si Mwalimu Sikujua kuyakusanya kutoka vinywani mwa watu na kuyaeleza kwa Mwingereza W. E. Taylor. Diwani yake ilipochapishwa na Hichens mwaka 1940, nyuma ya wino ule mlikuwa na kumbukumbu ya mtu. Hilo nililijua vizuri, nilikuwa nikilisomesha. Kujua jambo na kulitenda, hata hivyo, ni safari mbili tafauti.

Idi el Fitri ya mwaka 2012 nilikwenda kumwamkia shangazi. Alikuwa amepita miaka themanini. Tukiwa tumekaa ukumbini, alilitazama lile shairi ukutani akasema: "Macho yangu hayazioni tena herufi za babangu. Nitafutie miwani, mwanangu, nikusomee yote uyaandike." Nikamjibu Inshaallah. Tunalijua lile Inshaallah la kweli, na tunalijua lile la kufungia mazungumzo. Langu lilikuwa la pili. Nilirudi Unguja, skuli ikafunguliwa, na miwani ikawa jambo la "safari ijayo". Ngoja ngoja, walisema wahenga, huumiza matumbo.

Masika ya mwaka 2013 bati la ukumbi lilivuja. Na kabla mvua hazijakauka, warithi wa mume wa shangazi wakauza kiwanja, kwani Kariakoo ya siku zile kila nyumba ya chini ilikuwa ikipimwa kwa jicho la ghorofa. Nikaletewa habari kwamba shangazi atahamia kwa bintiye Magomeni kabla ya Ramadhani. Hapo ndipo nilipokumbuka shairi. Nikachukua kamera yangu, ile niliyozowea kupigia picha za harusi na maulidi ya marafiki, nikapanda boti. Miwani sikuikumbuka.

Niliikuta barabara ya Msimbazi imechimbuliwa kwa ajili ya mabasi yaendayo kasi, ambayo yalianza kazi mwaka 2016. Vumbi lilikuwa mpaka barazani. Nikamwamkia shangazi, nikanywa chai, nikasimama mbele ya fremu na kamera yangu. Picha ya kwanza ilitoka na mlango wa mbele, bajaji iliyosimama nje, na tumbo langu mwenyewe, vyote viking'ara juu ya maandishi ya babu. Nikafunga mlango, giza likaingia. Nikawasha taa, ikatokea taa badala ya mlango. Nikaishusha fremu nitoe kioo, nikaona jambo lililonikata maini: unyevu wa masika uliigandisha karatasi juu ya kioo. Kuvuta ni kuchana. Na upande wa chini, doa la maji la rangi ya chai lilikuwa limetambaa juu ya ubeti wa kumi na mbili.

Nikampigia simu rafiki yangu mpiga picha. Akaniambia: "Unahitaji polaraiza. Hilo ndilo chujio linaloondoa mng'aro wa kioo." Basi nikatoka mbio, nikapita Mnazi Mmoja, mpaka katikati ya jiji, si mbali na Sanamu ya Askari, kwenye duka moja la kamera lenye kiyoyozi na kabati za vioo.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu na ulimi. Alipoiona lenzi yangu tu, alianza kwa kofia: kile kikombe cha plastiki kinachovishwa mdomoni mwa lenzi kuikinga na jua la pembeni. Bei yake, shilingi 95,000. Nikamuuliza kwa nini plastiki tupu iwe ghali kuliko jozi ya viatu vya ngozi. Akacheka: "Mzee, hii inaingia katika lenzi hii tu." Alisema kweli, na ndani ya kweli hiyo ndimo ilimo siri ya biashara yote. Machujio ya mwanga hufungwa kwa hesi za vipimo vinavyofahamika, 52, 58, 67, 77, na kiwanda chochote duniani kinaweza kuvitengeneza. Kofia, kinyume chake, hushikwa kwa meno ambayo kila kiwanda huyachonga kwa lenzi yake, na mara nyingi lenzi moja haikubali kofia ya nduguye. Penye kipimo cha wote bei hushindaniwa. Penye meno ya mmoja bei huamriwa. Nikafikiri, na nilikuwa nikijifurahisha tu, kwamba ushairi wetu ni wa hesi na si wa meno: mizani kumi na sita haimilikiwi na mtu, na shairi la Lamu hujibiwa Unguja bila ya kununua kitu.

Kofia nikaikataa. Akanionyesha chujio la kukinga mionzi ya urujuanimno. Nalo nikalikataa, kwani nilikuwa nimesoma kwamba hilo lilikuwa na kazi zaidi zama za filamu, na kwamba kamera za dijitali zina chujio lake mbele ya sensa tangu kiwandani. Nikajiona mjanja. Na mtu anapojiona mjanja dukani ndipo mfuko wake unapokuwa wazi zaidi. Polaraiza ilipotolewa katika kikoba chake cheusi, nilikuwa nimeshajiridhisha kuwa mimi si wa kudanganywa.

Sikulipa papo hapo. Nilirudi kwanza Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwenye maduka ya simu na vikorokoro vya umeme. Kijana mmoja alikuwa na polaraiza ya kipimo kilekile kwa shilingi 25,000. "Mkubwa, hii na ile ya mjini zote ni kioo," aliniambia. Nilijua kwamba si kweli kabisa. Uso wa kioo kitupu hurudisha kiasi cha asilimia 4 ya nuru inayoufikia, na kila kioo kina nyuso mbili. Tangu Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alipobuni mwaka 1935 namna ya kuvipaka vioo utando mwembamba wa kupunguza upotevu huo, utando mzuri umekuwa kazi ya gharama. Kwa hivyo cha ghali kilikuwa na sababu ya kuwa juu ya cha rahisi. Lakini mara tisa na zaidi? Hilo sikulipima. Nilijiambia maneno makubwa: kwamba shairi la babu halistahili kioo cha bandia. Nikarudi mjini, nikahesabu noti, nikapewa risiti iliyoandikwa chini yake kwamba mali ikishauzwa hairejeshwi.

Ukumbini kwa shangazi nikakivisha kioo kipya, nikasimama mbele ya fremu, nikakizungusha pete yake kushoto na kulia kama nilivyoelekezwa. Mng'aro ulibaki palepale. Zaidi ya hayo, chujio lilimeza zaidi ya nusu ya nuru, na katika ukumbi ule wenye kiza picha zikatoka na ukungu kwa mtikisiko wa mikono yangu. Nikapiga picha arubaini. Hakuna hata moja iliyosomeka.

Kosa halikuwa la kioo, na haki lazima isemwe. Mwaka 1808 Mfaransa Étienne-Louis Malus alitazama, kupitia kipande cha jiwe la kalsaiti, jua la magharibi likimulika kutoka madirisha ya kasri la Luxembourg mjini Paris, akagundua kwamba nuru iliyorudishwa na kioo hubadilika tabia: mawimbi yake hutetema zaidi upande mmoja, na kwa hivyo huweza kuzuiliwa. Mwaka 1815 Mskoti David Brewster akaeleza kanuni ya jambo hilo: hutokea kwa ukamilifu katika pembe maalumu tu, ambayo kwa kioo cha kawaida ni kama digrii 56 kutoka wima wa uso wake. Nuru inayorudi moja kwa moja kumkabili mtazamaji haina tabia hiyo, na polaraiza haina la kuifanya. Mimi nilikuwa nimesimama uso kwa uso na fremu, kama asimamavyo kila anayetaka kusoma. Nilinunua dawa njema ya maradhi mengine.

Shangazi alikuwa amekaa juu ya kitanda cha mwakisu akinitazama nikihangaika. Akaniuliza: "Hicho kigae umekipata kwa shilingi ngapi?" Sikuweza kumdanganya. Alinyamaza muda, kisha akauliza kwa sauti isiyo na kejeli hata chembe, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Na hicho kinasoma?"

Nilitoka nje. Sitaki kusema nilikwenda kutafuta ufumbuzi. Nilitoka kwa sababu nilishindwa kumtazama. Nilitembea mpaka Mtaa wa Congo, katikati ya kelele za wachuuzi, na pale, mbele ya kijana aliyebeba ubao kifuani, nikaona miwani ya kusomea imepangwa kama dagaa: jozi moja shilingi 5,000. Nikanunua tatu, za nguvu tafauti, kwa kuwa sikujua ipi itamfaa. Jumla, shilingi 15,000. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikigawa: miwani arubaini na nane kwa kila chujio moja, na tangu Idi hata moja sikuileta. (Miwani ya barabarani si badala ya daktari wa macho, na baadaye tulimpeleka, lakini siku ile ilitosha.)

Jozi ya pili ndiyo iliyomkubali. Aliitia, akaitazama mikono yake kwanza, mbele na nyuma, akasema, "Nimezeeka hivi!" Kisha akaagiza fremu iletwe mapajani pake.

Na hapo ndipo picha nayo ilipopatikana. Binti wa shangazi, aliyekuwa akifunga mizigo, alituona tukihangaika na mng'aro hata juu ya mapaja, akasema: "Si kioo kinaonyesha kilicho mbele yake? Basi kionyesheni cheusi." Tukaipeleka fremu uani, kwenye kivuli cha ukuta, tukaiegemeza. Binti na jirani wakalishika buibui la shangazi kwa ncha zake, likawa pazia nyuma yangu na juu yangu, na mimi nikatoa mdomo wa lenzi tu kati ya mikunjo yake. Kioo kilikuwa na la kuakisi weusi peke yake, na maandishi ya babu yakatokea safi, kila nukta mahali pake. Ile kofia ya lenzi ya shilingi 95,000? Buibui lilitosha kuikinga na jua. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Shangazi alisoma, mimi nikaandika kwa herufi za Kilatini. Mahali pengine aliusogeza uso mpaka puani. Mahali pengine alifumba macho kabisa na kuendelea, karatasi ikimkumbusha na yeye akiikumbusha karatasi. Babu alimusia kuhusu mume, kuhusu majirani, kuhusu kutoudharau mji wa watu. Katika ubeti wa tisa alimwomba asiache kuandika barua. Hapo shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sikuandika nyingi." Tukaendelea.

Tukafika ubeti wa kumi na mbili, penye doa. Mistari mitatu ya juu ilikuwa imeyeyuka ikawa wingu moja la rangi ya chai. Aliutazama sana. Akaisoma tena ubeti wa kumi na moja ili apate kasi, kama mtu arudiaye nyuma kuruka mfereji, na kila akifika ukingoni alisimama. "Hapa alinikanya jambo," alisema. "Jambo moja. Nalijua kuwa alinikanya, lakini maneno yamenitoka. Mwaka jana ningalikusomea."

Hakusema kwa kunilaumu, na ndiyo maana sijaweza kulisahau. Mstari wa nne wa ubeti ule ulikuwa umesalimika, kwa kuwa maji yaliishia juu yake: Mlango tumeuwacha, wazi uje uingie.

Shangazi alifariki mwaka 2015, Magomeni. Ile miwani ya shilingi 5,000 ilikuwa juu ya msahafu wake. Nyumba haipo, penye baraza pana ghorofa, na chini yake maduka. Kariakoo nayo imepata misiba yake mikubwa kuliko wangu: Julai 2021 moto uliliunguza soko kuu, lile jengo alilolisanifu Beda Amuli katika miaka ya 1970. Nilipopita Mtaa wa Mafia mara ya mwisho sikuweza kuonyesha kwa kidole mlango wa shangazi ulikuwa wapi.

Polaraiza ninayo. Mara moja moja hukivisha kioo kile nikaenda Forodhani maji yakiwa yamejaa, nikaielekeza lenzi kwa mshazari juu ya bahari na kuizungusha pete, na mng'aro wa juu ukaondoka, nikaona mawe ya chini na samaki wadogo wakipita. Ni chombo kizuri pahala pake. Simlaumu muuzaji, wala kiwanda. Waliniuzia walichokuwa nacho, na mimi nilikubali kulipa kwa sababu kununua kioo kulikuwa rahisi kuliko kukiri kwamba nilichelewa.

Beti kumi na tatu za babu nimezinakili katika daftari, pamoja na picha. Ubeti wa kumi na mbili nimeuandika kama ulivyo: mistari mitatu mitupu, na chini yake kituo. Rafiki zangu washairi wameniambia niijaze, kwani mizani najua na vina vinafahamika. Kalamu nimeishika mara nyingi. Lakini sijui babu alimkanya bintiye nini, na aliyekuwa akijua aliniomba miwani.